Mpangaji Hapandi Migomba

Mama yangu ni muuguzi, na Mungu alimnyima kitu kimoja tu: uwezo wa kukaa mahali bila kupanda mgomba. Serikali ilipomhamisha kutoka Bukoba kuja Ruangwa, tulipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule. Hata mapazia hatujatundika, tayari alikuwa amepata machipukizi kwa mtu wa kijiji cha Malolo na kuyachimbia nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea.

"Nyumba isiyo na mgomba ni stendi ya basi," akasema.

Nikamwambia stendi angalau wanauza chipsi. Nikachapwa kwa kanga.

Migomba ikanywa maji yetu ya sabuni, ikanenepa kuliko sisi. Mimi niliizoea, kama unavyozoea ndugu aliyekuja kusalimia halafu hataki kuondoka.

Mkataba wetu ulikuwa unaisha msimu wa ufuta. Huo ndio wakati wafanyabiashara wanaingia mjini wakitafuta nyumba kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Mmoja alishaiona yetu, akampigia mwenye nyumba kwamba yuko tayari kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Sisi tulikuwa watu wa miezi mitatu mitatu. Nyumba nyingine karibu hazikuwepo, na Mama alishaniambia wazi: tukitolewa, yeye ataomba chumba kwa muuguzi mwenzake, mimi nirudi Bukoba kwa shangazi nikamalizie shule huko. Nilikuwa kidato cha tatu. Shangazi huyo anaamsha watu kwa maombi saa kumi alfajiri. Lakini si hilo. Mimi na Mama tuko wawili tu, na ningemwachia nani?

Mwenye nyumba ni bibi mmoja anayeishi Naipingo, kule Nachingwea. Siku ya kuzungumzia mkataba alikuja na bodaboda, kakaa upande, mwavuli mkononi. Mimi naye tulishaanza utani zamani, maana huku bibi na mjukuu ni watani, hata mjukuu wa kupanga. Ananiita mke mwenza. Mume wetu alifariki kabla sijazaliwa, jambo ambalo halijawahi kuzuia ugomvi.

"Mke mwenza, bado hujajua kufagia?"

"Nakusubiri wewe mke mkubwa, ndio kazi yako."

Mama akanikata jicho. Yeye hawezi kumtania yule bibi, anamwamkia kwa kupiga goti.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwepo kama shahidi, na karatasi zake. Bibi akasema kabla ya yote azunguke nyumba. Akapita sebuleni, akapita jikoni, akafika nyuma ya bafu. Akasimama.

"Nani kapanda hii?"

"Mimi, mama," Mama akajibu, kajaa fahari. Masikini, alidhani anapongezwa.

Bibi akamgeukia mwenyekiti. "Mpangaji hapandi mti. Akipanda, haondoki huyo. Leo mgomba, kesho kiwanja."

Mwenyekiti akakohoa, akamweleza Mama taratibu kwamba huku mti ndio unaosema ardhi ni ya nani. Watu wakigombea shamba, swali la kwanza ni nani alipanda mikorosho. Hilo Mama hakulijua. Kwao kupanda mgomba ni kama kununua sufuria.

"Tena afadhali mkorosho," Bibi akaendelea. "Mkorosho unakufa. Huu unakufa, unaacha watoto."

Mama akaingia ndani akatoka na panga. "Nakata yote, mama. Yaishe." Sauti ilikuwa ya kazini, ile anayowatulizia wagonjwa.

"Ngoja!" Bibi akapaza sauti. "Huo una mkungu. Chakula hakikatwi kichanga. Subiri ukomae."

Nikaangalia ile migomba. Nikajua nanyamaza au nasema, na kunyamaza sijafundishwa.

"Bibi, samahani. Huo ukikomaa, wa pembeni nao utakuwa umetoa mkungu. Na nyuma yake kuna foleni. Kwa sheria yako hiyo tunahama Kiyama."

"Wewe!" Mama akafoka.

Bibi akaangalia foleni yenyewe, mmoja mmoja. Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Mke mwenza, unataka kunirithi na mimi mzima?"

"Nyumba yako inavuja, sitaki. Nataka nimalize shule nikiwa na mama yangu. Basi."

Hilo halikuwa utani, na alilisikia. Akauliza, lakini kwa upole, "Na yule wa ufuta?"

"Atajaza magunia mpaka dirishani. Yatakuja na panya, na panya hawalipi kodi."

"Na nyinyi mnaniletea msitu."

"Msitu wako," Mama akasema ghafla. Akaliweka panga chini. "Migomba ni yako, mama. Kuanzia leo. Mimi nitaimwagilia tu. Nikihama, nahama na vyombo vyangu."

Bibi akataka iandikwe. Mwenyekiti akaandika: migomba yote, na watoto wake, ni mali ya mwenye nyumba, ndizi watagawana. Akaambiwa asome tena hapo kwenye watoto. Akasoma.

"Mnataka muda gani?"

"Mwaka mmoja na nusu," Mama akasema, kwa woga. Hapo ndipo mtihani wangu wa kidato cha nne unapoishia.

"Andika miaka mitatu," Bibi akamwambia mwenyekiti. "Huyu anaongea sana, atarudia darasa."

Akaweka dole gumba, akajifutia wino kwenye sketi yangu ya shule.

Jioni ile Mama akaniuliza ningependa sebule ipakwe rangi gani. Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo tangu tuhamie. Nikasema nyeusi. Akasema basi nitaipaka mwenyewe, na nitalala humo. Tumekubaliana rangi ya maziwa. Bibi tumemwomba kwa simu, karuhusu, ila kasema na rangi pia ni yake.