Mama Breki na Bwana Mwenye Mkonga

Mama Breki alipata riziki yake akiwa amekaa kiti cha abiria, mguu wa kulia juu ya breki ya pili, akiwafokea watu wazima. Shule ya udereva ilikuwa ya mtu mwingine, lakini gari lilikuwa likimtii yeye. Alikwisha kuwafundisha mapadri, wauguzi, mabibi harusi watarajiwa, na mwizi mmoja aliyekuja kujiendeleza kikazi, na wote siku ya kwanza aliwaambia maneno yale yale: "Usiniangalie mimi. Mimi si barabara."

Ugonjwa wake uligundulika kazini. Siku hiyo alimwamuru mwanafunzi wake, karani wa benki mwenye haya kupita kiasi, aende moja kwa moja mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Kisha Mama Breki akalala. Hakusinzia, alilala fofofo, mdomo wazi, akikoroma mpaka kioo cha mlango kikatetemeka. Karani, ambaye kwao alifunzwa kuwaheshimu wakubwa, akaenda moja kwa moja. Akapita stendi, akapita daraja, akapita kibao kinachowaaga wasafiri na kingine kinachowakaribisha mji wa pili. Mama Breki alipozinduka, mafuta yalikuwa yanakata na mbele yao kulikuwa na kundi la ng'ombe.

"Tuko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Ulisema moja kwa moja."

Karani alifaulu mtihani wa leseni kabla mwezi haujaisha. Mama Breki yeye alipelekwa hospitali, na daktari akamweleza kwamba anapolala koo lake linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka na kumwamsha kidogo ili asife, na mchezo huo unaendelea hadi kunakucha. Ndiyo maana mchana hajiwezi. Akapewa mashine ya kupumulia, kiboksi kinacholingana na mkate, chenye mpira mrefu na barakoa ya kufunga puani, ya kumsukumia hewa koo lisijifunge. Mwenye shule naye akatoa sharti lake fupi, kwamba bila mashine hakuna kazi.

Sasa binti yake Mama Breki alikuwa msusi katika meli ya kitalii, zile meli zenye maduka na mabwawa ya kuogelea humo humo ndani, utadhani bahari yenyewe haiwatoshi. Wafanyakazi waliruhusiwa kualika ndugu wawili, chumba kimoja. Binti akamwalika mama yake. Halafu, kwa ile akili ya watoto wanaopenda kupatanisha watu, akamwalika na shangazi yake.

Shangazi huyo, yaani wifi yake Mama Breki, alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa na sikio. Watu wote walijua ana sikio kwa sababu mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha. Angeweza kuisimamisha kwaya nzima katikati ya wimbo, akanyoosha kidole safu ya nyuma, na mwenye kosa akajijua. Na siku ya msiba wa kaka yake, aliyefariki usingizini kitanda kimoja na mkewe, wifi alisimama mbele ya waombolezaji akauliza kwa sauti ile ile ya kufundishia: "Hivi mtu anakata roho ubavuni mwako, na wewe husikii?"

Mama Breki hakujibu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Walikuwa wakionana kwenye harusi, wakipakuliana chakula, wakisifiana vitambaa kwa uongo. Lakini swali lilikuwa limekaa kati yao, na Mama Breki lilimuuma sana, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alipanda meli ile akitaka jambo moja tu, washuke swali lile likiwa limekwisha, kwa heri au kwa shari.

Mambo yalianza kwa shari. Kwenye ukaguzi, askari mwenye glavu alipekua begi lake akatoa ekstensheni, ule waya wa kurefushia umeme. Hairuhusiwi, alisema, inaweza kuleta moto. Je, mashine? akauliza Mama Breki. Mashine ruksa, ni ya mgonjwa. Na sasa mashine nitaichomekaje? Askari akasema hilo suala ni la chumbani.

Chumbani, vitanda vilikuwa viwili na katikati yake mtu alipita kiubavu. Badala ya dirisha kulikuwa na picha ya dirisha. Soketi ilikuwa moja, pale kwenye kioo, na wifi alikwisha kuimiliki. Simu yake ilikuwa inachaji, na pasi ya nywele ilikuwa ikisubiri zamu.

"Hiyo nini?" wifi akauliza.

"Mashine yangu ya kupumulia."

"Na hiyo chupa? Si maji ya betri hayo?"

"Ndiyo. Yanatiwa humu, hewa isinikaushe pua. Ni maji safi tu, hayana asidi."

"Wifi, wewe ni mtu au pikapu?"

Waligombania soketi kwa adabu zote, yaani kwa kuitana wifi kila baada ya neno la pili, mpaka Mama Breki akashinda. Ili mpira ufike, ilimbidi alale kichwa kikiwa upande wa miguu. Alipovaa barakoa, wifi alicheka mpaka akakaa chini, akaibatiza mashine jina la Bwana Mwenye Mkonga, akasema kaka yake hajaoza vizuri na tayari mwanamume mwingine kaingizwa chumbani. Kisha akalalamika kwamba huyo bwana anapiga noti moja tu, tena haifikishi.

Asubuhi Mama Breki aliamka kichwa kinamgonga, koo kavu. Plagi ilikuwa inaning'inia. Simu ya wifi ilikuwa imejaa chaji.

Siku ile alisinzia kila mahali. Alisinzia kwenye ngazi, alisinzia wakati wa mafunzo ya kuvaa jaketi la kuokolea, na kwenye foleni ya mayai aliegemea mgongo wa mzee asiyemjua, ambaye kwa ustaarabu wake hakusogea mpaka mayai yakaisha. Binti yake alipopata habari alikwenda kwa mhudumu wa vyumba, na mhudumu akatoa kabatini ekstensheni ya meli, ile inayoruhusiwa, ambayo ingepatikana tangu jana kama kuna mtu angejisumbua kusema.

Baada ya chakula cha mchana Mama Breki aliichukua ekstensheni hiyo akarudi chumbani kufidia usingizi, na kumwambia wifi mawili matatu aliyoyapanga njiani. Akamkuta wifi kalala chali, kashiba, mikono juu ya tumbo. Anakoroma.

Ulikuwa mkoromo wa heshima. Ulianzia chini, ukapanda, ukamalizikia kwa filimbi nyembamba. Mama Breki alifurahi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele. Mwenye sikio! Mwenye kuwasahihisha wenzake noti! Akatoa simu, akawasha kurekodi, akaisogeza karibu na mdomo wa wifi, huku akiwahesabu kimoyomoyo ndugu atakaowatumia, wa karibu na wa mbali, na wanakwaya wote.

Ndipo mkoromo ukakatika.

Kifua cha wifi kilikuwa kinahangaika lakini hakuna kilichoingia. Mama Breki akagundua kwamba mguu wake wa kulia umekanyaga zulia kwa nguvu zote. Kimya kiliendelea. Alikijua kimya kile, aliwahi kulala nacho kitanda kimoja, na furaha yote ikamtoka. Akamshika wifi bega akamtikisa.

"Wifi! Vuta pumzi! Wifi!"

Wifi akaivuta pumzi kwa mkoromo mmoja mkubwa, akafumbua macho, akakasirika kabla hajajua yuko wapi.

"Una nini wewe?"

"Unakoroma. Halafu unakata pumzi."

"Mimi? Mimi sikoromi. Ningekuwa nakoroma ningejisikia."

Mama Breki alirudisha sauti mwanzo, akamkabidhi simu. Wifi akaiweka sikioni kwa madaha, kama anayesikiliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kisha madaha yakamtoka. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Ulimrekodi lini?" akauliza.

"Nani?"

"Kaka. Huyu si kaka? Hii filimbi ya mwishoni, ni yake hii tangu tukiwa watoto." Akamgeukia Mama Breki. "Kumbe unaye humu siku zote hizi, wifi, na hukunipa hata nimsikie?"

Mama Breki angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo jema la kusema, na wangelia vizuri, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitumia maisha yake kuwaambia watu kuna lori mbele.

"Huyo si kaka yako. Ni wewe, sasa hivi, na kuku wako tumboni."

Wifi aliirudisha sauti mwanzo, akasikiliza tena. Sikio alikuwa nalo kweli, halikumruhusu kukataa. Sauti ilipofika pale ilipokatika, akainua uso.

"Na hapa? Mbona kimya?"

"Hapo hupumui."

Mama Breki akakaa kwenye kitanda cha pili, magoti yao yakigusana, maana hapakuwa na pengine pa kuyaweka.

"Uliniuliza kama sikusikia," alisema. "Nilisikia, wifi. Alikoroma, akakoroma, halafu akanyamaza hivyo hivyo. Nikasema asante Mungu, leo na mimi nitalala. Nikageukia ukutani, nikalala. Sikujua kile kimya ni kitu gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nakufa hivyo kila siku na sikujua."

Machozi yalimtoka bila kuyafuta. Alikuwa amesubiri kuyasema hayo tangu msibani, na sasa aliogopa kumtazama mwenzake usoni.

Wifi aliigeuzageuza simu mikononi.

"Nimelala naye chumba kimoja mpaka siku naolewa," alisema hatimaye. "Nilikuwa namrushia ndala. Akinyamaza, nasema afadhali, nalala zangu." Akapenga kamasi kwenye taulo la meli, lile ambalo mhudumu alilikunja kwa ufundi likawa bata. "Ningekuwa mimi, wifi, ningegeukia ukutani vile vile."

Wakalia wote wawili, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wifi akavaa viatu, akauliza daktari wa meli anapatikana ghorofa gani.