Shikamoo Niliyompa Bi Mwanahawa

Jamani, leo nimemwamkia mtu, na sasa naogopa kulala nyumbani kwangu.

Tangu simba amchukue mkata kuni hapa Marui, watu wananong'ona kwamba simba yule katumwa. Wanasema aliyemtuma ni Bi Mwanahawa, kikongwe anayeishi peke yake.

Asubuhi amekuja kisimani na mtungi wake.

Kimya!

Wanawake wote wakageuza nyuso. Na ndiye aliyetuzalisha sote pale!

Mimi nikashindwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamchotea maji, nikamtwisha. Ninyi mngemnyamazia?

Alipoondoka, shoga yangu Zena akaniuliza polepole, "Kumbe mmeshibana hivyo?"

"Zena, si ndiye aliyekuzalisha?"

"Nimeuliza tu."

Basi wakajitwika madebe yao, wakaondoka pamoja. Hakuna aliyenisubiri. Nikapita porini peke yangu, njia ile ile aliyochukuliwa mkata kuni. Kila jani likitikisika, nasimama.

Nimefika salama.

Kumbe hilo nalo ni kosa! Nimemkuta Zena uani kwetu, anamwambia mume wangu, "Wewe muulize mkeo. Kwa nini simba hamgusi?"

Ijumaa jumbe wetu analeta mganga wa kunyoa wachawi nywele, ati kuwatoa uchawi.

Nimemweleza mume wangu yote, tangu kisimani mpaka nyumbani. Amenisikiliza mpaka mwisho.

Ila ugali niliompikia hajaugusa. Amekwenda kula kwa mama yake.