Pipa Lisilo na Fuvu

Nimehamahama sana na nimeona mengi. Lakini baba kuingia uani kwa wakwe wa bintiye bila hodi, akalicharaza shoka pipa la maji? Hilo niliona mara moja tu.

Nilikuwa nyuma yake. Tulieni niwape mkanda mzima.

Mimi na Fundi Msasa tulikuwa karakana moja, tukichubua rangi kwenye milango na makabati ya zamani. Dawa ya kuchubulia ilikuja kwenye mapipa ya plastiki ya buluu.

Tulikuwa na desturi yetu. Binti wa fundi akiolewa, baba anachagua pipa tupu zuri kuliko yote. Tunalisugua kwa sabuni, tunalianika, linakwenda kuwekwa maji ya kunywa.

Zamu ya bintiye wa pekee ilipofika, Msasa aliyakagua mapipa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hili lina picha ya fuvu, sogeza kule. Hili halina. Hili ndilo!"

Kweli, fuvu halikuwepo. Palikuwa na picha ya mtu, kifua kimepasuka kama kioo kilichopigwa jiwe.

"Na huyu je?" nikauliza.

"Huyo kifua kinambana tu. Mzee mwenzangu, una woga wa kunguru!"

Karakana nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Binti akaolewa, pipa likaenda naye kwa mumewe. Mimba ya kwanza ikatoka.

Ya pili ikatoka.

Ya tatu ilipotoka, mama mkwe akasema, "Hatukuoa pambo." Binti akarudi kwao na begi moja. Pipa likabaki kule.

Siku moja akaja karakana dada wa usalama kazini, akabandika picha ukutani.

"Fuvu huua upesi," akasema. "Huyu wa kifua ni sumu ya taratibu. Mapafu, ini, saratani. Nyingine huharibu mimba. Na plastiki hunywa dawa, msidhani kuosha kunatosha."

Msasa akaweka brashi chini. "Hapo kwenye mimba, mwanangu. Rudia."

Akarudia.

"Ndiyo iliyowamaliza wajukuu zangu?"

"Baba, siwezi kuapa. Ila maji ya pipa kama hilo asinywe mtu."

Msasa akachukua shoka. Njiani aliongea peke yake: "Nikiwaeleza watamrudisha. Watamrudisha tu."

Tukafika.

Uani alikuwepo msichana nisiyemjua, tumbo limemtangulia, anachota maji kwenye pipa lile lile.

Mkwe alikuwa ameshaoa mwingine.

Nilidhani Msasa angegeuka. Hakugeuka. Alimpokonya yule msichana kikombe, akamwaga maji, akainua shoka.

"Wivu huo!" mama mkwe akapiga yowe. "Wa kwenu kashindwa, mnataka kumharibia na huyu?"

"Pipa nililileta mimi, mama. Kwa mabega yangu haya. Mwanangu hana kosa."

Mkwe akatoka, Msasa akamweleza habari ya sumu, akasikiliza yote. Akatazama chini.

"Baba, nimeshaoa."

Basi. Tukarudi.

Baadaye tukasikia yule msichana kajifungua salama. Msasa alishindwa kumwambia bintiye, nikamwambia mimi.

"Mtoto analia kwa nguvu?" akaniuliza.

"Sana, mwanangu. Mtaa mzima unamsikia."

"Afadhali."

Akaingia ndani, akarudishia mlango taratibu. Msasa akabaki kizingitini, hathubutu kubisha.

Ndugu zangu, mkiona picha kwenye chombo cha kazini, ulizeni maana yake kabla hamjakipeleka nyumbani. Sumu nyingine haina fuvu, na anayekuletea anaweza kuwa ndiye anayekupenda kuliko wote.