Kidole cha Bibi Pasi

Jirani yangu muuza mkaa alinivuta pembeni akaninong'oneza kuwa Bibi Pasi kaharibikiwa akili. Ushahidi anao: meseji ambayo bibi kawatumia wanawe, herufi zimeparaganyika kama kuku wamepita juu yake. Binti wa bibi wa kumzaa ndiye aliyeisambaza watu wacheke.

Mimi na bibi tunatazamana milango. Jioni ile nilikuwa nanyonyesha, nikamwona anaandika. Alilamba ncha ya kidole, akagusa kioo cha simu, akakirudisha kidole upesi kama kimeungua. Akalamba tena. Hapo nikaelewa. Maisha yake yote kapiga pasi ya mkaa nguo za watu, akipima joto la chuma kwa kidole chenye mate. Ukikawia, ngozi inabaki kwenye chuma. Sasa ncha za vidole zimekuwa ngumu kama ukwato, na mguso ule wa kukimbia simu haiusikii. Mate nayo yanaifanya iropoke.

Nilimlaza mtoto, nikafuta kioo, nikazikuza herufi mpaka zikajaa.

"Tuliza kidole, bibi. Hii haichomi."

"Mkono umeshazoea kuogopa, mjukuu wangu," akasema, akicheka.

Tulihangaika naye siku kadhaa, mwanangu akimvuta mtandio. Hatimaye akaandika, safi kabisa, kuwa macho yake yanazimika, waje awaone kabla giza halijamfunga.

Tiki zikawa bluu. Wote wamesoma. Kikundi cha familia, ambacho kila alipoandika kilijaa vicheko, kikanyamaza kama nyumba iliyohamwa. Bibi akawa anakipangusa kioo kila mara, akidhani mate yake ndiyo yamezuia majibu.

Binti yake akanipigia mimi. Nilikuwa nafua, mikono ina povu, nikaweka sauti ya nje. Bibi alikuwa ameketi kando yangu kwenye kigoda. Binti hata salamu hakutoa.

"Nani kakutuma umfundishe? Kila akituita tulikuwa tunasema hatujaelewa, yanaisha. Sasa tutasemaje?"

Kumbe siku zote walikuwa wanaelewa. Nilikata simu kwa kidole chenye sabuni, nikashindwa kumtazama bibi. Yeye alikuwa anamfunga mwanangu kifungo cha shati, polepole, kwa kupapasa. Alipomaliza akanipa simu yake.

"Mjukuu wangu, nirudishie zile herufi ndogo. Wakinicheka, angalau walikuwa wananijibu."