Kitanzi Avaa Barakoa ya Kulalia

Machinjioni walimwita Kitanzi, maana ndiye aliyewaangusha ng'ombe. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafunga miguu, akawabwaga chini na kukaza kamba mpaka mnyama abaki kukoroma tu, mchinjaji apitishe kisu. Kamba ikilegea mtu hufa, alisema, na kweli alishamwona mwenzake akipasuliwa tumbo kwa pembe.

Kazi ilianza usiku wa manane, kwa hiyo yeye alilala mchana. Usingizi wenyewe ulikuwa balaa: alikoroma, pumzi ikakatika, akazinduka akitweta kama mtu aliyekuwa akinyongwa. Daktari akampa mashine ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunga puani kwa mikanda.

Siku ya kwanza hewa ilivuja ikampiga machoni. Kitanzi akafanya alichokijua, akakaza. Ikavuja tena, akakaza zaidi. Wiki haikuisha, ngozi ya pua ilichanika ikatoa damu, koo likakauka, na tumbo likajaa upepo hadi wenzake wakasema sasa anacheua kuliko ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa wake, lakini kipigo kilikuwa cha mkewe. Kila alipohisi usingizini kwamba kitu kimemkaba uso, Kitanzi alirusha ngumi. Ya Jumanne ilimng'oa mkewe jino.

Mkewe alitema damu kwenye beseni, akasuuza kinywa. "Baba watoto, najua hukukusudia. Lakini ya pili siisubiri. Nitarudi kwetu."

Kitanzi alilia, mtu mzima yule, akamnyooshea mikono. "Nifunge basi. Kamba ipo."

"Mimi si wa machinjioni. Twende kwa muuguzi."

Muuguzi, mwanamke mfupi asiye na subira, alitazama kidonda akaguna. "Nani kakufunga hivi?"

"Mwenyewe. Inavuja."

"Inavuja kwa sababu umeikaza mpaka imejikunja. Lala kwanza, ndipo ufunge, vidole viwili vipite chini ya mkanda." Akambandika plasta laini puani, akamwonyesha pa kutia maji kwenye mashine ili koo lisikauke. "Tumbo likizidi kujaa, rudi."

Kitanzi alitoka amenuna. Kulegeza kulimtisha kuliko pembe. Hata hivyo kesho yake alijilaza chali, na mkewe akalegeza mikanda mmoja mmoja, huku yeye ameng'ang'ania shuka kwa mikono miwili.

Alipofumbua macho alikuwa amelala saa tano mfululizo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho mekundu, mchi wa kinu mapajani.

"Nimerusha mkono?"

"Hata kidole."

"Na huo mchi?"

"Ungerusha, ningekuvunja mkono."

Aliona kwamba hatanii. Mwenye kovu usidhani kapoa, na la huyu lilikuwa bado bichi. Kitanzi aliona aibu, akavua barakoa, akasogea ukutani. "Njoo ulale na wewe, mama."

Mkewe alijilaza ukingoni mwa kitanda, akampa mgongo. Mchi aliingia nao.