Dhahabu Inayoelea

Mikono ya msusi huyu ilianza kunuka mafuta ya nywele kabla hajajua kuhesabu, na tangu hapo hakuna alichokishika kikabaki kikavu. Vitasa vya milango nyumbani kwake viliteleza mpaka mumewe, fundi bomba, akavifunga kamba za kuvutia. Paka wa nyumba ile akinyanyuliwa alichomoka kama kipande cha sabuni akaangukia chumba cha pili. Na siku mwizi alipompora mkoba barabarani, wakashikana mikono kidogo katika vuta nikuvute, mwizi yule alishindwa kushika hata kijiko mwezi mzima, ikambidi atafute kazi ya halali.

Aliyesimulia hayo ni mama yake msusi, na hakuna aliyewahi kumwona mwizi huyo. Mama naye alikuwa msusi enzi zake. Sasa miguu ilikuwa imemchoka, lakini mdomo ulikuwa bado na nguvu za ujana. Kila asubuhi alikalishwa kwenye kiti chenye mto karibu na mlango wa saluni, chini ya feni inayokoroma, na kutoka hapo aliwahudumia wateja kwa njia yake. Kusukwa kunachosha shingo na makalio. Mama aliwaondolea uchovu huo kwa hadithi. Kulikuwa na ya kambare mkubwa aliyemwona kijitoni akiwa amevaa saa, tena saa inayokwenda sawasawa kuliko ya ofisini. Kulikuwa na ya mvua iliyonyesha upande mmoja wa barabara hadi watu wa upande wa pili wakaandamana. Na kulikuwa na ya hereni zake za dhahabu, ambazo hazikuvuliwa masikioni tangu msusi ana akili zake.

Siku mambo yalipoharibika, kulabu ya hereni moja ilikatika. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa wifi yake msusi, dada wa fundi bomba, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima kama kimeona jambo. Wifi alishona mapazia chumba cha jirani, na ilionekana ulimi wake na mkasi wake hunolewa mahali pamoja.

"Nipelekeeni kwa sonara," mama akasema, hereni ikiwa kiganjani. "Lakini asinichanganyie na dhahabu ya dukani. Hii ni ya kijito. Niliiokota mwenyewe kwa unyoya, ikielea juu ya maji kama povu."

"Mama yangu," wifi akasema, "chuma kinazama. Jiwe linazama. Mume wangu alijifanya anajua kuogelea, naye akazama mpaka akavutwa kwa suruali. Sembuse dhahabu?"

Saluni nzima ikacheka, na mama akacheka nao. Wifi angeishia hapo pasingekuwa na neno. Lakini aliyechekewa mara moja hutamani ya pili.

"Sisi hapa wote watu wazima, mama. Sema tu ni bwana gani aliyekupa. Hatumwambii mtu."

Kicheko kikakatika. Mama alifiwa na mumewe mapema, akamlea binti yake kwa vichwa vya watu, na hakuna bwana aliyewahi kuonekana akivua viatu mlangoni kwake. Alivua ile hereni nzima, akaiweka pamoja na iliyokatika ndani ya kibiriti kitupu, akakisukuma chini ya mto wa kiti, akauegemeza mgongo.

Tangu siku ile hadithi zilikwisha. Ukimwuliza "Umeamkaje?" alijibu "Salama," akafunga mdomo. Kambare alipotea, mvua ikapotea. Wateja walianza kusikia maumivu ya shingo ambayo hawakuwahi kuyasikia, na mmoja aliondoka akilalamika kwamba siku hizi nywele zinasukwa polepole, ilhali vidole vya msusi vilikuwa vile vile.

Msusi alimrukia wifi yake, wakarushiana maneno, wakapatana, kama kawaida yao. Lakini hilo halikumrudisha mama. Tena kulikuwa na kidonda kingine ambacho msusi hakumwonyesha mtu: yeye mwenyewe hakuiamini ile ya kuelea. Alimwamini mama yake katika kila jambo isipokuwa kambare na hilo. Akajiambia kwamba kama dhahabu ipo kweli kijitoni, basi mama hakudanganya lililo kubwa, na ya kuelea ni chumvi tu ya kukoleza. Alitaka aipate kwa mkono wake, ya kutosha kutengeneza kulabu ile, aiweke mbele ya mama na mbele ya wifi, mtu afunge mdomo na mwingine aufungue.

"Nenda," fundi bomba akamwambia. "Maji hubeba kila kitu. Mimi kwenye bomba la sinki nimetoa meno ya bandia, na mwenyewe akayavaa pale pale."

Kijito kilikuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya nyumba za mwisho, mahali ambapo watu waliruhusiwa kuchekecha mchanga kwa kujiburudisha, mradi watumie zana za mkono na wafukie mashimo yao. Kila Jumamosi walikwenda huko watu wa kila namna: mwenye duka la viatu, mpiga chapa, na mzee mmoja tarishi mstaafu, mwenye mashavu ya miguu kama magogo kwa kutembeza barua maisha yake yote. Tarishi aliwafundisha wageni wa mchezo ule bila malipo, kwa sababu alipenda kusikilizwa.

"Karai lako jipya?" akamwuliza msusi siku ya kwanza.

"Jipya."

"Lina mafuta ya kiwandani, yanaharibu kazi. Lichome motoni mpaka libadilike rangi, ndipo ulilete."

Msusi akalichoma. Likatoka limefubaa, limepauka, kavu kama kisigino wakati wa kiangazi. Akaliangalia, akaona huruma. Sasa, kila kitu kikavu alichokutana nacho maishani alikitibu kwa dawa moja. Kabla kichwa hakijaulizwa, mikono ilishafungua kopo. Alilipaka mafuta ya nywele ndani na nje, akalisugua mpaka akaona meno yake ndani yake.

Jumamosi iliyofuata Tarishi akauliza, "Umelichoma?"

"Nimelichoma," akajibu, wala hakusema uongo.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Tarishi alimweleza kwamba dhahabu ni nzito na ni mvivu, haipendi kubebwa, na maji yakipunguza mwendo tu yenyewe hushuka na kulala: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, ndani ya nyufa za mwamba, kwenye mizizi ya nyasi za ukingoni.

"Namjua mtu wa namna hiyo," msusi akasema. "Ameoa kwetu."

Akajifunza kuchimba mpaka afike kwenye mwamba, kwa sababu mali hukaa chini kabisa. Akajifunza kupitisha changarawe kwenye chekeche, kujaza karai, kulizamisha na kulitikisa kushoto na kulia ili kizito kishuke, kisha kuliinamisha na kuyaacha maji yalambe mchanga wa juu, kidogo kidogo, bila papara. Hapo vidole vya msusi viling'ara. Mtu anayeweza kugawa nywele za mtoto anayelia kwa mstari ulionyooka hashindwi kugawa mchanga. Mwisho ikabaki kamba nyembamba ya mchanga mweusi, ule mzito unaofuatana na dhahabu, akaupitishia sumaku iuvute, dhahabu ibaki.

Mara ya kwanza alipoona kitu kikimetameta alikaribia kumkanyaga mpiga chapa kwa furaha.

"Kipeleke kivulini," Tarishi akasema.

Akakipeleka. Kikazima.

"Hicho ni jiwe la kujipodoa tu. Dhahabu haibabaishwi na jua. Kivulini na juani ni ile ile."

Jumamosi zikaenda. Jambo la ajabu ni kwamba Tarishi na msusi walichimba shimo moja, wakagawana changarawe ndoo kwa ndoo, na kwenye karai la Tarishi hazikukosekana chembe za njano, wakati la msusi lilitoka jeupe kabisa. Mwenye duka la viatu alizoea kumtania, kisha akaacha. Msusi aliona afadhali utani. Nyumbani mama aliendelea na "Salama" zake, na mto wa kiti ulikuwa bado umekalia kibiriti.

Siku moja wifi akajileta. "Nimekuja kuona mnavyofua mchanga," akasema, akakaa juu ya jiwe na mwavuli wake, chupa ya chai na kikombe kando, miguu kwenye maji. "Ukitakata nitaomba wa kujengea."

"Kaa, nyamaza," msusi akamwambia.

"Nimekaa. La pili sikuahidi."

Msusi akazamisha karai. Akatikisa, akainamisha, akaacha maji yalambe. Wifi, ambaye hajawahi kuangalia kazi ya mtu bila kuitafutia kasoro, akasogeza uso, akakunja paji.

"Wifi," akasema, "usinichukie, lakini maji yako yana mba."

"Yana nini?"

"Mba. Hiyo hapo inaelea. Tena mba ya njano, yule mwenye kichwa apelekwe kwa daktari."

Msusi alisimamisha mikono asitikise tena. Maisha yake yote ameangalia mba, na aliijua kila aina yake. Hii haikuwa mba. Juu ya maji ya karai, kwenye ngozi ile nyembamba ya mafuta iliyotoa rangi za upinde wa mvua, vilikuwa vimelala vipande vidogo kama maganda ya mtama, vyepesi, vya njano, na kimoja kilikuwa tayari kwenye ukingo, kinajiandaa kuondoka na mkondo. Akavitilia kivuli kwa kichwa chake. Havikuzima.

"Mzee," akaita taratibu, kama asiyetaka kumwogopesha ndege. "Njoo."

Tarishi akaja, akainama, akachovya kidole, akakinusa. "Nani amelipaka karai hili mafuta ya nywele?"

Msusi akaangalia vidole vyake. Wifi akaangalia juu, akazungumza na mwavuli. "Sijui nani. Labda mwenye duka la viatu."

"Chembe hizi ni nyembamba kama vumbi," Tarishi akasema. "Zikikutana na mafuta hazizami, maji yanazikataa. Binti, umekuwa ukiimwaga dhahabu yako kijitoni Jumamosi zote hizi. Ngoja nikupe tone la sabuni, zishuke."

"Usidondoshe," msusi akasema.

Alikuwa amesimama palepale, maji magotini, na kichwani mwake alikuwa anamwona mama yake akiwa kijana, ametoka kusuka vichwa vya kutwa nzima, na mikono ile ile, na beseni la saluni alilopashia mafuta, ameinama kwenye kijito hiki. Bila shaka ilielea. Kwa mikono ile ingefanyaje?

"Wifi," akasema, "mama yangu alisemaje kuhusu dhahabu yake?"

Wifi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Kwamba inaelea."

"Na hii inafanya nini?"

Wifi alisimama, akamwaga chai yake yote kijitoni, akaufuta mwavuli bila sababu, kisha akanyoosha kikombe. "Tia humu. Na maji yake. Ielee hivyo hivyo mpaka nyumbani." Akaokota unyoya wa bata ukingoni, akausuuza, akauchomeka kwenye kilemba.

Walirudi kwa gari la fundi bomba, lile la mabomba juu ya paa, na fundi akaambiwa aendeshe kama amebeba bibi harusi. Wifi alikipakata kikombe kwa mikono miwili, macho humo ndani, hapumui vizuri. Kwenye kila shimo la barabara alikinyanyua kama anakitoa kwenye moto. Safari nzima hakusema neno, na fundi bomba aligeuka mara kwa mara kumwangalia dada yake, akidhani anaumwa.

Saluni ilikuwa na wateja. Wifi akapita katikati yao, akapiga magoti mbele ya kiti chenye mto.

"Mama. Inaelea."

Mama akachungulia kikombe. Akachungulia tena, kwa muda mrefu. "Unyoya mmeusahau," akasema.

Wifi akautoa kilembani. Mama akauchukua, akaugusisha juu ya maji, akazinyanyua chembe zile moja moja na kuzilaza kwenye kitambaa, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo jana.

"Nilisema vibaya, mama," wifi akasema, safari hii polepole. "Mbele za watu. Nakuomba radhi, mbele za watu hao hao."

"Mwanangu, ulitaka kumjua bwana aliyenipa hereni."

"Mama, yaishe."

"Hayaishi hivi hivi. Bwana mwenyewe ni kijito, ndiye huyo kikombeni. Mwamkie."

Wifi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, hakuna aliyemwokoa. Akainamia kikombe. "Shikamoo."

Mteja aliyekuwa sinkini alicheka mpaka akameza povu.

Karai likachomwa upya, na safari hii halikupakwa kitu. Kabla ya kwenda kijitoni msusi alisugua mikono kwa sabuni na majivu mpaka viwiko, na kila Jumamosi chembe zake zililala chini kwa adabu, hadi sonara akasema zinatosha. Aliziyeyusha bila kuzichanganya na dhahabu nyingine, kama alivyoagizwa, akaunda kulabu, na mama akavaa hereni zote mbili. Kibiriti akampa wifi atilie sindano.

Asubuhi iliyofuata, msusi akiwa na kichwa cha mtu mikononi, alisikia kutoka kwenye kiti cha mlangoni sauti ikijisafisha koo.

"Sasa yule kambare," mama akaanza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na pazia begani. Akaliweka chini. "Mama, hebu nieleze vizuri. Saa hiyo aliivaa mkono gani?"

"Kambare ana mikono? Aliivaa mkiani."

Jumamosi hiyo wifi alikwenda kijitoni na karai lake mwenyewe, alilolichoma mbele ya Tarishi. Alifanya kazi vizuri. Ila msusi alimwona, kila alipodhani hatazamwi, akiacha mchanga, akiinama juu ya kina kile kilichotulia nyuma ya jiwe kubwa, na kutega sikio kwenye maji.