Chupa ya Chifu

Ndugu zangu, ninaandika haya kwa jicho moja zima na jingine linaloona nusu. Ninashukuru hata kwa hiyo nusu.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii isiyo na kazi. Nilikaa kwa mama, juu kidogo ya mji wa Embu, nikiwaza. Niliwaza hata namna ya kusalimu watu nisionekane najidai. Ni kwa mama pima tu, muuza pombe wa kijijini, nilipopumzika kuwaza.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa marufuku, kwa hiyo tuliinywea migombani, tumechuchumaa kama wezi wa ndizi. Askari wa chifu wakitokea, kila mtu alimaliza kikombe mara moja. Huko tulikuita kumeza kesi, kwa kuwa kikombe kitupu hakina mashtaka. Alasiri moja wakatokea. Mimi msomi nikalipima jambo hilo kisheria, upesi, nikameza. Mzee mmoja alimwaga chake chini, akapigwa makofi. Anaona vizuri mpaka leo. Kumbe mama pima alikuwa ameongeza spiriti ya viwandani.

Asubuhi nilitapika maji ya kijani. Tumbo lilinikata, pumzi ikawa fupi, nyumba ikajaa ukungu mweupe.

"Mama, mbona moshi mwingi hivi?"

"Moshi gani, Njeru? Sijawasha moto."

Hospitalini daktari alinimulika macho. "Sumu hii huzuiwa na pombe safi. Mama, tafuta chupa ya wiski. Haraka, kabla macho hayajafa."

Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hakuwahi kuingia baa. Mwenye baa alimjibu dirishani, "Saa za kuuza bado, mama. Sheria." Mama akazunguka, akapitia mlango wa jikoni. Ndani alimkuta chifu, kofia ya serikali mezani, wiski kando yake.

"Mama Njeru! Wokovu umekwisha?" chifu akacheka.

"Na huyu unamuuzia chai?" mama alimwuliza mwenye baa. Akaikamata chupa shingoni. "Chifu, ukitaka kunishika, nifuate hospitalini."

Hakuifunika kwa leso. Alipita nayo katikati ya soko, wenzake wa kanisani wakimkodolea macho.

Daktari aliichanganya na maji, akaninywesha kidogo kidogo kutwa nzima. Nilijikojolea, nikaropoka, nikalia. Kisha ukungu ukapungua. Kitu cha kwanza nilichoona ni kidole gumba cha mama kwenye ukingo wa kitanda.

Kanisa lilimvua uenyekiti kwa sababu ya chupa ile. Chifu bado anaketi benchi la mbele, na kwenye baraza anahubiri juu ya vijana wasomi wanaojiharibu kwa pombe.

Msiache chang'aa kwa kumwogopa chifu. Hastahili heshima hiyo. Iacheni kwa sababu hamjui kilichomo kikombeni. Na askari wakiwakuta, mwageni, mle makofi. Makofi hupona.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mama. Chifu akinikuta njiani huniuliza, "Njeru, siku hizi unaona?"

"Naona, Chifu."

Hapo huirekebisha kofia yake na kuondoka.